Sauti ya Rahila

Tabia binti Ahmada alikuwa hodari wa kuiga sauti. Tangu yuko skuli aliwaiga walimu, wauza samaki wa Darajani, na bibi harusi anayelia huku akichungulia kama picha yake inapigwa vizuri. Alipomaliza Kidato cha Sita, ukurasa wake wa video ulikuwa na wafuasi wengi kuliko watu wa mtaa wao mzima wa Kikwajuni, mjini Unguja, na kila mtu alikuwa ameshamwamulia: Tabia atavuka maji, aende Dar es Salaam kusomea utangazaji. Baba yake alilitangaza jambo hilo barazani kabla hata matokeo hayajatoka.

Tabia mwenyewe hakuwa na hakika. Alikuwa akifungua kurasa za vyuo kwenye simu, akiona majengo ya vioo na wanafunzi wanaocheka juu ya nyasi, na akishaifunga simu hakumbuki kipi kilikuwa kipi. Vyote vilicheka kwa meno yale yale.

Vijana waliokuwa wakiomba vyuo mwaka ule walikuwa na kundi lao la WhatsApp. Asubuhi moja akaingia msichana mgeni, Rahila wa Nungwi, kaskazini ya kisiwa, akatuma sauti badala ya maandishi. Alikuwa akiuliza habari za mabweni ya chuo kimoja cha Dar es Salaam. Watu wa kwao asili yao ni kisiwa cha Tumbatu, naye alisema kama wasemavyo kwao, harakaharaka, na maneno mengine mjini hayajulikani kabisa. Haikufika adhuhuri, Nusrat, rafiki yake Tabia, ameshaichukua ile sauti akaitia mdundo wa singeli. Kundi zima likacheka. Watu wakaiweka kwenye stetasi zao.

Nusrat akampigia simu Tabia. "Sasa zamu yako, fundi. Muige, ujifunge kanga shingoni, uirushe leo leo ingali moto."

Tabia akaingia chumbani, akasimama mbele ya kioo, akaanza kujizoeza. Aliisikiliza sauti ya Rahila, akairudia kipande kwa kipande, pale inapopanda na pale inapokatika. Alipoipata sawasawa, mlango ukafunguliwa. Mama yake, Bi Zuleikha, alikuwa amesimama na mwiko mkononi, macho yamemtoka.

"Nani huyo aliyesema?"

"Mie, mama. N'namuiga mtu tu."

"Hebu rudia."

Tabia akarudia. Bi Zuleikha akakaa kitandani, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Subhanallah! Umenirejeshea mama yangu. Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akiniita nikale. Rudia tena, mwanangu."

Tabia alijua kwamba bibi yake alizaliwa Tumbatu, lakini bibi huyo alifariki Tabia akiwa mchanga, naye hakuwahi kufikiri kwamba mtu huyo alikuwa na namna yake ya kusema. Akarudia mara ya tatu. Safari hii mama yake akamjibu, kwa maneno ambayo Tabia hakuyaelewa hata moja. Wakatazamana, wakacheka tena. Ile video haikurushwa.

Badala yake Tabia alimwandikia Rahila kwa faragha, akajitambulisha.

"Na weye unataka kunicheka?" Rahila akajibu.

"Hapana. Mama yangu anataka kuzungumza nawe. Mama yake alikuwa wa huko kwenu."

Rahila akaandika: "Basi mpe simu."

Tabia akapiga, akampa mama simu, akidhani ni salamu mbili tatu. "Shikamoo, mama," akasikia. "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Baada ya hapo Kiunguja cha mjini kikawekwa kando. Bi Zuleikha alianza kwa kusitasita, kama mtu anayejaribu viatu vya zamani, mara akachanganya mwendo. Wali ukaungua jikoni na hakuna aliyejali isipokuwa baba.

Alasiri ile Tabia alikwenda kwao Nusrat, nyumba ya tatu.

"Ifute ile singeli," alimwambia.

"Mzaha tu, Tabia! Mbona weye unaiga watu kila siku?"

"Kweli. Lakini bibi harusi wangu hayupo, nimemtunga. Rahila yupo, aliuliza swali, na hakucheka."

Nusrat akakunja uso. Walikuwa bado wameketi hivyo, kila mmoja akitazama kwake, simu zao zikalia kwa pamoja. Rahila alikuwa ametuma sauti ya pili kundini:

"Assalamu alaykum. Nimeusikia wimbo wenu. Ngoma nzuri, nimecheza. Ila mmenikata palepale nlipokuwa nauliza: bweni lina maji au halina? Mpaka sasa mmeshacheza wote, na hapana alonijibu."

Nusrat alijizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Huyu mtu hatari!" alisema, na palepale akaifuta ile singeli, akamwandikia Rahila mbele ya wote: "Niwie radhi, dada. Kaka yangu yuko huko; maji yapo, ila asubuhi uwahi foleni." Majibu yakamiminika, kila mtu akitaka kuwa wa kwanza kumweleza habari za mabweni.

Ijumaa iliyofuata Rahila alikuja mjini, akakutana na Tabia na Nusrat kwenye bustani ya Forodhani, wakanunua maji ya miwa. Alikuwa mfupi, mchangamfu, na tangu mdogo kazi yake ilikuwa kufungua redio za watu na kuzirejesha zikiwa nzima. Alitaka kusomea uhandisi wa umeme. Wazo la video lilikuwa lake: yeye atasema sentensi ya kwao, Tabia akisie maana yake. Tabia alikisia vibaya kila mara. Alidhani anaalikwa harusini, kumbe anaambiwa afukuze kuku. Nusrat aliyeshika simu alitikisika kwa kicheko mpaka picha nayo ikatikisika, wakaiacha vivyo hivyo.

Video ile ilipendwa kuliko zote. Lakini kilichomshangaza Tabia ni maoni yaliyoandikwa chini yake. Mtu wa Makunduchi aliandika wao wasemavyo, mtu wa Pemba akapinga, mwingine akaleta neno alilosikia kwa shangazi yake. Tabia akawajibu wote, akiuliza neno limetoka wapi, nani bado analisema. Bando likaisha, akanunua jingine. Siku ya tatu akajikuta anafungua ukurasa wa chuo kikuu cha hapahapa Unguja, si kwa ajili ya picha, bali kusoma masomo ya Kiswahili na isimu yanafundisha nini. Akasoma mpaka mwisho, na safari hii alikumbuka kila kitu.

Baba yake aliposikia aliweka kikombe chini. "Mtu huenda chuo kusomea Kiswahili? Si unakijua?"

"Nnakijua cha Kikwajuni tu, baba."

"Na mie niliyewaambia watu barazani?"

"Waambie nimebadilisha," alisema Tabia kwa upole. "Sikuwaambia mie."

Bi Zuleikha akageuza uso asionekane akitabasamu. Bwana Ahmada alinung'unika siku mbili. Ya tatu Tabia akaona maoni mapya chini ya video, marefu, yenye herufi kubwa tupu: baba yake alikuwa akibishana na mtu wa Chwaka juu ya neno la uvuvi alilorithi kwa babu. Alipoitwa kula hakuitika. Alipoitika alisema, "Naam, naam, ngojeni kwanza, huyu hajui kitu!" Hakuuliza tena habari za Dar.

Majina ya waliochaguliwa yalipotoka, Tabia alipata chuo cha Unguja na Rahila akapata uhandisi Dar es Salaam. Wazazi wa Rahila wakawaalika Tabia na wazazi wake Nungwi, na Nusrat akaenda nao. Walilishwa pweza wa nazi na mkate wa kumimina, Bi Zuleikha na mama yake Rahila wakakaa ukumbini wakisimuliana mambo ya Tumbatu, na baba akapata wazee wawili wa kubishana nao. Jua lilipoanza kushuka Tabia alimkumbusha kwamba gari za mjini zitakwisha.

"Tutaondoka," alisema baba. "Namaliza hili moja tu."

Hakulimaliza. Walilala Nungwi.