Magurudumu ya Munyao

Kila asubuhi, nikimfunga leso kifuani apate kunywa uji, ndugu yangu Mutunga huniuliza swali lile lile. "Mwikali, ile gurudumu ilitoka wapi?" Huuliza kwa utulivu, kama mtu anayetaka kujua kama mvua ilinyesha usiku. Kisha hunitazama na kungoja, kwa sababu tangu tukiwa wadogo mimi ndiye niliyezijua baiskeli na yeye ndiye aliyejua kuziendesha.

Huu ni mwaka wa tano tangu ajali. Daktari alituambia kwamba yaliyotokea kabla ya siku ile Mutunga atayakumbuka, lakini ya baada yake hayatakaa. Akilala yanafutika. Miguu na mikono nayo haikurudi. Mwaitu, mama yetu, humshika upande mmoja nami upande wa pili, tukimgeuza kitandani, na mara nyingi hapo katikati yetu ndipo anapouliza habari ya gurudumu.

Karakana yangu iko kando ya barabara ya Mutituni, kibanda cha mabati alichokijenga baba yetu, Kimeu. Baba alikuwa fundi wa zile baiskeli nyeusi nzito za kubebea maji na magunia. Aliniachia spana, tupa, na mkebe wa majani ya chai uliojaa raba za breki. Zilikuwa raba nyeusi, ngumu, zimechorwa maandishi madogo kwamba zimetengenezwa Uingereza. Baba hakuzigawa ovyo. Mtu aliyewekewa raba za mkebe ule alijua kwamba Kimeu anampenda. "Hizi zinauma," baba alizoea kusema. "Za siku hizi zinalamba tu." Alipofariki, kuna siku nilikuwa naufungua mkebe, nanusa, naufunga, basi moyo unatulia.

Mutunga hakuziendesha baiskeli za magunia. Alipata baiskeli ya mashindano ya mtumba, akaingia klabu ya vijana wa Machakos, na ndani ya miaka miwili hakukuwa na mtu wa kumshika mlimani. Alikuwa na mapafu ya punda. Watu wa timu moja ya Nairobi walisikia habari zake, wakasema watakuja kumtazama kwenye mbio za mwezi wa sita. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kutazamwa kwa jambo jema. Mwaitu alianza kuwaambia wenzake kanisani kwamba mtoto wake anaenda Ulaya, hata kabla ya mtu kulitaja hilo neno Ulaya.

Kilichobaki kilikuwa magurudumu mepesi, na ndipo akaingia Munyao.

Munyao alikuwa mtu wa Ekalakala aliyepanga Mlolongo, juu ya kelele za malori yanayosubiri mizani. Aliwaagizia waendesha baiskeli magurudumu ya kaboni kutoka China. Alipotuletea ya Mutunga nilishtuka. Yalikuwa meusi matupu, hayana jina, hayana hata stika. Niliyainua kwa kidole kimoja. Nikamuuliza kwa nini hayana jina la kampuni.

"Jina ni stika, fundi," alinijibu. "Hata zile za Mtaliano zinatoka mji huo huo wa Xiamen. Wanaweka jina wakishafika kwao. Mimi naleta kabla haijaandikwa."

Mutunga alicheka. Mimi sikucheka. Vijana wa klabu walikuwa wamejaa mlangoni na ubishi ukawaka, huyu anaapa kwamba kitu cha Italia ukikigonga kinalia tofauti, yule anasema China wanaweza kukuuzia hata kivuli chako. Munyao hakubishana. Alifungua boksi akaonyesha namba iliyochapishwa ndani ya rimu, na karatasi ya kiwanda yenye namba hiyo hiyo. Alikuwa mtu wa kuonyesha karatasi. Nilimwona kama mwalimu wa shule aliyekosa darasa, na sikumwamini hata kidogo.

Ndani ya boksi mlikuwa na mfuko mdogo wa plastiki wenye raba nne za breki. Rangi yake manjano, laini kama kipande cha sabuni. Pamoja nazo kulikuwa na kikaratasi cha Kichina, na chini yake Kiingereza, kwamba magurudumu haya yatumie raba hizi, yasitumie nyingine yoyote. Nilikisoma. Nataka ijulikane kwamba nilikisoma. Nikajisemea moyoni, hao ni wafanyabiashara, wanataka urudi kwao kununua zao. Nikaufunga ule mfuko kwa fundo na kuutupa kwenye droo.

Kisha nikafungua mkebe wa baba.

Nilizichagua raba nne zenye maandishi yaliyosomeka vizuri zaidi. Nilizipunguza kwa tupa mpaka zikakaa kwenye breki, kazi ya mchana mzima, na wakati wote nilikuwa na furaha ya ajabu. Nilihisi baba yupo, kwamba ndugu yangu atashuka milima kwa magurudumu ya watu tusiowajua lakini atasimamishwa na kitu cha nyumbani. Mutunga alizijaribu mpaka barabara kuu na kurudi. "Zinauma," aliniambia kwa sauti ya baba, tukacheka wote wawili.

Jumamosi mbili kabla ya mbio alipanda mpaka juu Kituluni kufanya mazoezi. Wakati wa kushuka unapita Kyamwilu, pale ambapo wageni huja na chupa za maji kuyamwaga kwenye lami wayaone yakipanda mlima. Wengine huzima gari katikati ya barabara na kuliachia, waone likirudi juu lenyewe. Asubuhi ile palikuwa na gari moja kama hilo, na watu wanne wamelizunguka wakipiga picha. Mutunga alikuwa ameshuka mteremko mrefu akishika breki tangu juu, kwa sababu barabara ilikuwa na watu wa sokoni. Alipowaona wageni akazibana zaidi. Waliniambia baadaye kwamba walisikia mlio wa tairi kupasuka wakadhani ni bunduki.

Nilifika kwa pikipiki. Walikuwa wamekwisha kumpakia kwenye lile gari la wageni kumkimbiza hospitali, na baiskeli imelala kando ya barabara. Nilipiga magoti kwenye gurudumu la mbele. Kabla sijaliona vizuri nilisikia harufu yake, harufu ya mpini wa sufuria uliosahauliwa jikoni. Rimu ilikuwa imevimba na kufunguka ukingoni, nyuzi za kaboni zimetoka nje. Pale breki zilipobana, pamekuwa kama nta. Na zile raba nyeusi zilikuwa ngumu kama mawe, zinang'aa, bado zina joto.

Nilielewa pale pale. Kaboni haiachii joto kama chuma, na raba zangu ziliipika. Zile za manjano zilitengenezwa kwa ajili hiyo hiyo, na mimi nilikuwa nimezifungia kwenye droo. Polisi walikuwa hawajafika. Nilitoa spana mfukoni, nikazifungua raba zote nne, nikazitia kwenye aproni. Sikufikiri. Mikono ilifanya kazi iliyozoea kufanya, ilifungua kilichofungwa na spana.

Wiki ya tatu, Mutunga akiwa bado hajafumbua macho, klabu iliita mkutano katika ukumbi wa kanisa baada ya misa ya pili. Kila mtu tayari alikuwa na neno mdomoni, nalo ni feki. Munyao alikuja mwenyewe, hakuletwa. Alivaa suti. Alileta karatasi za kiwanda, akasoma namba, akaomba mtu yeyote aje alinganishe na iliyo kwenye rimu, iliyokuwa imewekwa mezani. Mtu mmoja nyuma alisema karatasi kama hizo zinachapishwa Nairobi mchana kutwa. Watu wakacheka, kicheko kile cha watu wenye hasira.

Mwenyekiti wetu alikuwa Nzomo, mwalimu mstaafu, mtu wa haki. Aliinua mkono, akageuka kwangu.

"Fundi Mwikali, wewe ndiye umeishika kwa mkono. Hii gurudumu ni orijino ama ni feki?"

Nilisimama. Raba zilikuwa nyumbani, nimezirudisha kwenye mkebe, lakini nilizihisi kwenye aproni ingawa sikuwa nimeivaa. Nilimtazama Mwaitu, ameketi safu ya mbele na leso mdomoni. Nilimtazama Munyao. Alikuwa ananitazama kwa matumaini, maskini, kwa sababu katika ukumbi ule mzima mimi pekee ndiye niliyekuwa na akili ya kujua.

"Sijui ilitoka wapi," nilisema.

Na ilikuwa kweli. Xiamen sijawahi kufika. Lakini ukumbi mzima ulisikia feki, na mimi nilijua wangesikia hivyo, ndiyo sababu nililichagua jibu hilo. Munyao alikunja karatasi zake taratibu, akazirudisha kwenye bahasha, akatoka.

Siku iliyofuata vijana walikwenda Mlolongo. Waliyatoa magurudumu yote nyumbani kwake, wakayabeba mpaka kwenye machimbo, wakayapiga kwa nyundo za kuvunjia mawe. Mmoja wao alinisimulia akijisifu. Alisema hayakutaka kuvunjika. Walipokezana nyundo mpaka jua likatua, na mengine ilibidi wayaache yakiwa mazima. Alinisimulia hayo yote na hakujiuliza chochote. Mimi nilikuwa namtengenezea pedali, nikaendelea kuitengeneza.

Mutunga alipofumbua macho, jambo la kwanza lilikuwa lile swali. Tulipomrudisha nyumbani nilimwambia ukweli. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamweleza kuhusu droo, mkebe na spana. Alilia. Alilia kwa uso tu, maana mwili haukuweza kumsaidia. Kisha alisema amenisamehe, nami nikaenda nje nikakaa kwenye jiwe la kufulia na kwa mara ya kwanza nikapumua.

Kesho yake akauliza tena.

Nilimwambia tena. Alilia upya, akanisamehe upya. Siku ya tatu vivyo hivyo. Nilianza kuingojea asubuhi, Mungu anisamehe, kwa sababu ya ule msamaha. Siku ya sita niligeuka nikamkuta Mwaitu amesimama mlangoni na bakuli la uji. Sijui alikuwa amesimama hapo siku ngapi.

"Usimwambie tena," alisema.

Aliweka bakuli chini akaenda zake shambani. Hajawahi kulitaja jambo hilo tangu siku ile, na hajawahi tena kuniita mwanangu. Ananiita fundi, kama watu wengine.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna ndengu, nilikwenda Ekalakala. Nilibeba ule mfuko wa raba za manjano ambao fundo lake halijafunguliwa, na mkebe wa baba. Munyao alikuwa amerudi kwao kulima. Nilimkuta uwanjani anapepeta ndengu pamoja na mkewe, amekonda, mvi zimemjaa. Alinipokea vizuri, akanitafutia kiti. Mkewe alinitambua, akaingia jikoni na hakutoka.

Nilimwambia yote bila kupumzika. Nilifungua mkebe, nikamwonyesha raba nyeusi zilizong'aa, na punje za kaboni zimeganda juu yake. Nilisema, "Baba Mumo, magurudumu yako yalikuwa mazuri. Mimi ndiye nilimvunja Mutunga, na nilijua, na nikanyamaza. Nitasema mbele ya kanisa. Nitasema popote unapotaka."

Alizishika zile raba akazigeuza geuza. Nilingoja anipige. Nilikuwa nimetamani hata anipige.

"Dada Mwikali," alisema mwishowe, "usijisumbue. Ile magurudumu ilikuwa feki."

Nilidhani hakunisikia vizuri, nikaanza upya. Akaniwekea mkono begani, kwa upole. Alisema mwanzoni na yeye alikuwa hivyo hivyo, anatafuta sababu, mara breki, mara barabara. Mwaka mzima hakulala. Mpaka siku moja kanisani alisimama akakiri kwamba aliwauzia watu vitu vya uongo, na usiku ule akalala. Siku hizi anaitwa makanisa mengine kutoa ushuhuda wake. Kuna vijana, alisema, walioacha wizi kwa sababu ya ushuhuda ule.

"Namba ilikuwa sawa, Baba Mumo. Uliisoma mbele yetu wote."

"Namba inaweza kuandikwa na mtu yeyote." Alinirudishia raba. "Naona umekuja kunibebea mzigo. Mungu akubariki. Lakini huo ni wangu, niachie."

Kisha akaniombea. Aliniombea kwa muda mrefu, ameshika mikono yangu yote miwili, anamwomba Mungu anipunguzie uchungu wa ndugu yangu ambaye yeye, Munyao, alimharibia maisha. Niliitikia amina. Sikuwa na la kufanya. Ningemnyang'anya usingizi wake nimpe nini badala yake? Alinifungia ndengu kwenye mfuko wa karatasi za zamani, na njiani nikaona karatasi hizo zina mihuri na mistari ya namba. Zilikuwa karatasi za kiwanda.

Raba za manjano nilizirudisha kwenye droo. Mkebe uko mahali pake kwenye rafu. Wateja wa zamani bado huuliza kama nina zile za baba, nami huwaambia zimekwisha.

Leo pia uji ulikuwa wa moto mno, nikaupuliza. Nje Mwaitu alikuwa anafagia. Nilimfunga Mutunga leso, nikamwinua kichwa, akanitazama kwa macho yale yale anayoniamini nayo tangu utotoni.

"Mwikali, ile gurudumu ilitoka wapi?"

"Sijui ilitoka wapi," nilimwambia.

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akafungua kinywa.