Mluzi Kwenye Gari la Doto

Gari la Doto lilikuwa na mluzi. Ukifungulia redio injini ikiwa imezimwa, sauti ilitoka safi. Ukiwasha injini, spika zilianza kulia kama mbu, na kadiri ulivyokanyaga mafuta ndivyo mbu alivyopandisha sauti.

Mwezi uliopita Doto alimpakia Mzee Mayala, baba wa mchumba wake Violeth. Mzee huyo amefundisha kwaya miaka thelathini. Hawakufika hata Buzwagi, akaomba ashushwe, akasema miguu yake bado ina nguvu. Leo saa sita alitakiwa kupanda gari hilohilo hadi Kharumwa, akapaone kwao Doto kabla ya kutoa jibu la posa. Violeth alikuwa ameshamwonya Doto: akishuka tena njiani, jibu umeshalipata.

Saa tatu Doto alikuwa Nyasubi kwa fundi Zuwena, akitaka auziwe filta ya kuzuia mluzi huo. Zuwena akauliza kwanza amplifaya aliifunga nani. Doto akajibu kwa kifua mbele kwamba ni yeye mwenyewe, kwani hata umeme wa maduara manne, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu kule Kharumwa, ni kazi ya mikono yake.

Zuwena akainua zulia la gari. Waya mnene wa betri na waya mwembamba wa sauti vilikwenda pamoja hadi kwenye buti, vimekazwa kwa utepe kila baada ya shubiri.

"Kaka," akasema, "humu uliogopa jiwe litaanguka kutoka wapi?"

Doto akacheka mwenyewe. Ndani ya duara, waya wa pampu, wa taa na mpira wa hewa hufungwa fungu moja, udongo ukiporomoka usivikate. Mkono ulikuwa umezoea.

"Pampu haina masikio," Zuwena akamwambia. "Huu mwembamba unayo. Kelele ya alteneta, ile inayochaji betri, inapita kwa jirani, wenyewe unaidaka, amplifaya inaikuza."

Akakata utepe wote. Waya wa umeme akaupitisha kushoto, wa sauti kulia. Waya wa bodi, unaorudisha umeme kwenye bati la gari, nao ulikuwa umebanwa juu ya rangi. Akakwangua hadi bati likang'aa, akaubana upya. Doto akawasha injini, akakanyaga mafuta. Mbu hakuwepo. Filta ikabaki dukani.

Saa sita Mzee Mayala aliitikia shikamoo, akapanda, mkono mmoja akauacha kwenye kitasa cha mlango. Doto akaweka nyimbo za kwaya na kuondoka polepole. Penye mlima hakuwa na ujanja, akakanyaga mafuta. Mzee akainamisha kichwa, akasikiliza. Baadaye mkono ukatoka kwenye kitasa, ukaanza kupiga mapigo juu ya goti.

"Ng'wanawane," akasema, akimwita mwanawe kwa Kisukuma kama anayezungumza na mtoto wa nyumbani kwake, "hawa besi wanachelewa kuingia. Rudisha mwanzo usikie."

Doto akarudisha. Hadi wanaingia Kharumwa besi walikosolewa wimbo kwa wimbo, naye akaitikia kila kosa kwa furaha, akiomba waendelee kuchelewa.