Kambare Aliyelala Mferejini

Naapa kwa mgongo wangu huu unaouma: haya yote ni kweli, sijaongeza hata tone.

Mwaka huu wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda na magari yao hadi kijijini kwetu Mpepai, Gertruda, mjane, alitegemea kahawa yake impeleke binti yake Jacqueline sekondari. Aliimenya Jumanne, akaivundika pipani aje kuiosha Alhamisi, siku ya zamu yake ya maji. Alhamisi mfereji wa kijiji ukaamka mkavu. Akainusa kahawa. Ikilala siku moja zaidi itanuka, na wanunuzi wale hununua kwa pua.

Akashuka mbio hadi mahakama ya mwanzo kushtaki.

"Mama," hakimu akamwambia kwa upole, "mimi naamua mbuzi, ndoa na matusi. Maji ya mfereji yana waamuzi wake. Nikihukumu mimi, nani huko juu atafuata?"

Akapanda tena, hadi kwa Bibi Albina, mkuu wa waamuzi wa mfereji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Vua viatu, twende."

Waamuzi hawa hawaketi. Husikiliza kesi kwa nyayo: hupanda pekupeku ndani ya mfereji, kutoka ulipokauka hadi maji yalipo, na njiani hairuhusiwi kusema neno. Gertruda alifuata kimya, pua yake bado ina harufu ya pipa. Udongo mkavu. Mkavu tena. Kisha ubaridi.

"Hapa," Albina akasema.

Palikuwa kwa Mzee Nazari, mstaafu mpole, msomi aliyejifundisha mwenyewe, na sura nzuri anayo. Maji yalikuwa yamejaa kwenye ngoro zake, yale mashimo ya kulimia mlimani, yanalea maharage.

"Shemeji Nazari," Gertruda akasema, "hata wewe?"

"Mimi tena? Ni kambare! Mkubwa kama mbuzi jike. Katoka Ziwa Nyasa kwa miguu, kachoka, kajilaza mferejini, maji yakageukia kwangu. Nimemwamkia, hakuitikia!"

Gertruda alikuwa karibu kulia, akajikuta anacheka. Albina hakucheka. Aliinama, akang'oa bonge la udongo lenye majani lililoziba mfereji.

"Kambare wako analima? Bonge limekatwa kwa jembe, na majani bado mabichi."

Nazari akatazama mawingu.

"Zamu zako mbili zinazofuata ni za Gertruda," Albina akahukumu. "Na utazoa tope la mfereji wote, kuanzia chanzo hadi kwenye pipa lake."

Maji yakateremka. Gertruda akashindana nayo mbio, akafika kwanza. Kahawa ikaoshwa siku ileile, ikaanikwa, ikakauka. Mnunuzi akanusa, akanusa tena, akapima, akalipa ada ya Jacqueline ikatimia.

Mbona mnatazama magoti yangu? Tope tu. Nani kasema Nazari hana sura? Haya, Nazari ndiye mimi, na kambare hakuwepo.

Nimekusikia, bibi Albina! Nazoa, nazoa. Nimebakiza kutoka kwenye ule mgomba hadi pipani.