Daraja Lililorudishiwa Saa Yake

Alhamisi ile Basilisa alikuwa jikoni anamenya viazi, redio iko juu ya kabati la vyombo, anaisikiliza kwa sikio moja tu. Mtangazaji akasema Jumapili hii Ureno inarudi kwenye saa yake ya zamani. Uhispania watasogeza mbele kama kila mwaka, Ureno hawatagusa kitu. Kisha akaingia kwenye mambo ya bei ya maziwa.

Basilisa akapunguza moto, akajitupia shali, akatoka.

Kijiji cha Ribalva kimekatwa katikati na mto mdogo, unauvuka kwa daraja la mawe ukiwa bado unatafuna tonge lile lile. Upande wa Juu ni Uhispania, upande wa Chini ni Ureno. Watu ni wale wale, wanaoana, wanaibiana kuku, wanaongea lugha yao ya mseto ambayo wageni wa nchi zote mbili hawaielewi. Kanisa na makaburi viko Chini. Kilichowatofautisha ni saa. Juu ikiwa saa kumi jioni, Chini ni saa tisa.

Ndiyo maana maiti wa Juu, akivushwa kwenda kuzikwa, alikuwa anarudi saa nzima nyuma. Jeneza linawekwa kwenye jiwe bapa mwisho wa daraja, kifuniko kinatolewa, marehemu anakaa kitako, yuko vilevile alivyokuwa saa moja kabla ya kufa. Wengi wanaanza kwa kuomba chakula. Hapo ndipo watu wanaulizana ufunguo wa ghala uko wapi, wanaombana radhi, wanapigana busu. Saa ikiisha, marehemu analala tena na anazikwa.

Wa Chini wao walikuwa wakifa wamekufa. Kwa hiyo mtu wa Chini akizidiwa alikuwa anapanda Juu kuomba kitanda cha kufia. Kila nyumba ya Juu ilikuwa nacho, kimetandikwa shuka safi. Mama yake Felisbela, shoga yake Basilisa wa Chini, alifia kwa Basilisa, na saa yake yote akaimalizia kulalamika kwamba supu ya pale haina chumvi.

Halafu, vuli ya mwaka tisini na mbili, wakubwa wa Ureno wakaamua nchi yao ifuate saa ya majirani. Hakuna aliyekuja Ribalva kuuliza. Juu na Chini zikawa na saa moja, na daraja likabaki mawe na maji.

Eutimio, mtoto mkubwa wa Basilisa, alikufa katika miaka hiyo. Trekta la Don Aquilino, bwana aliyemwajiri, lilimpindukia kwenye mteremko wa Juu, mchana kweupe. Asubuhi yake, akitoka, alisimama mlangoni akasema, "Mama, nina neno. Nitakuambia jioni." Walipomfikisha kwenye jiwe bapa walitoa kifuniko kwa mazoea, wakasubiri. Mvua ikamnyeshea usoni. Padri akasema wafunge. Kwenye matanga Don Aquilino akaeleza, kwa upole kabisa, kwamba kijana alikuwa amelewa. Tangu hapo watu wakimsalimia Basilisa walikuwa wanapunguza sauti, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa mgonjwa.

Ufunguo wa makaburi alikuwa nao Felisbela. Basilisa akamkuta uani anakamua nguo.

"Umesikia redio?"

"Nimesikia. Na ninajua ulichokuja kutaka, hata usikae," Felisbela akasema. "Hesabu haikubali, shoga. Mwanao yuko Chini tayari, kaburini. Ukimpandisha Juu anapoteza saa, ukimshusha anaipata. Umebaki na nini? Sifuri na mgongo kuuma."

"Hiyo ni nikimpandisha Jumatatu. Nikimpandisha Jumamosi je?"

Felisbela akaacha shuka likining'inia mikononi, linachuruzika. Jumamosi Juu na Chini bado zina saa moja.

"Anapanda bure," akasema taratibu.

"Anapanda bure. Analala kwangu. Jumapili anashuka na saa yake mkononi."

"We mwanamke una akili ya magendo."

"Mume wangu alivusha kahawa hapo darajani maisha yake yote. Unadhani mimi nilikuwa nimelala?"

Felisbela akajifuta mikono, akaingia ndani kuchukua ufunguo. Njiani wakapita kwa mjane wa mhunzi, ambaye naye mumewe alizikwa miaka ile ile, wakamuuliza kama na yeye wamtolee wake. Mjane akafikiri kidogo. Akasema hapana, aliyoyasikia kwa yule bwana yanamtosha.

Jumamosi wakafukua. Zamu ya kubeba ilikuwa ya nyumba ya Don Aquilino, kwa sababu pale Ribalva kubeba jeneza kunaenda kwa zamu ya nyumba, sawa na kuchunga mbuzi. Basi Don Aquilino akaja, kavaa kofia yake nzuri, akashika pembe ya mbele. Nyuma alishika Ovidio, mdogo wake Eutimio. Jeneza lilikuwa jepesi kama debe tupu. Wakalivusha daraja na hakuna kilichotokea, kama ilivyotakiwa.

Basilisa akaliweka jikoni juu ya mabenchi mawili, karibu na jiko, palipo na joto. Hakulifungua. Jioni nzima akawa anapika huku anamsimulia mwanawe habari za nyumbani: ng'ombe mwekundu kazaa mapacha, paa la banda limebadilishwa, Ovidio kaacha sigara halafu kazirudia. Asubuhi ukungu ukapanda kutoka mtoni, ukaingia mpaka mlangoni, ukatulia pale kwenye sakafu kama paka. Basilisa akachukua mpini wa ufagio, akasukuma mshale wa saa ya ukutani mbele saa moja. Ng'ambo kule Chini, Felisbela akaiangalia saa yake na akaiacha ilivyo.

Baada ya chakula cha mchana wakanyanyua. Daraja halikuonekana lote, lilianza na kuishia ndani ya ukungu. Walipofika katikati maji yakanyamaza chini yao, kisha yakaanza tena pale yalipoachia, na jeneza likawa zito ghafla. Don Aquilino akaguna.

"Ongeza mkono huko nyuma," akasema.

"Kumbe yuko," Ovidio akajibu.

Wakamtua kwenye jiwe bapa. Eutimio akakaa kitako, kavaa ovaroli ya kazi, kucha zina grisi.

"Mama. Kuna chochote cha kula?"

Basilisa alikuwa ameleta viazi na soseji za pilipili, kavifunga kwa kitambaa. Kabla ya kumpa akainama, akamshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto anayekaguliwa meno, akanusa mdomo wake. Akanusa tena. Ilikuwa harufu ya kahawa na vitunguu. Akasogea pembeni.

"Felisbela, njoo na wewe unuse."

Felisbela akanusa. "Kahawa," akatangaza kwa sauti, ili wa nyuma wasikie. "Na vitunguu. Hapa hakuna mvinyo hata wa kuonjea."

Watu wakamgeukia Don Aquilino. Yeye alikuwa anapangusa kofia yake.

"Ulisema una neno," Basilisa akamwambia mwanawe. "La jioni."

"Ah, lile. Si kubwa," Eutimio akasema, mdomo umejaa. "Nilitaka kukuambia kesho siendi kazini. Breki za lile trekta hazishiki. Nimemwambia Don mara mbili. Ananiambia kanyaga kwa nguvu."

"Ni kweli," Don Aquilino akasema. "Aliniambia."

"Na sisi ukatuambia alikuwa amelewa," Felisbela akasema.

"Kwenye matanga mtu anasema lolote."

Ukungu ukawa unapita kati yao taratibu. Eutimio akalamba vidole, akatazama huku na huku kama mtu aliyeamka kwenye chumba cha wageni.

"Sasa nani analiendesha?"

Ndipo Ovidio akajikohoza.

"Mimi."

"Zimetengenezwa?"

"Bado."

Basilisa alikuwa na mengi ya kumwambia. Alikuwa ameyapanga toka Alhamisi, mengine toka siku ya mvua ile. Lakini Eutimio akamwita mdogo wake akae kwenye ukingo wa jeneza, akaanza kumwonyesha. Akiwa kwenye mteremko asitoe gia ya kwanza hata kidogo. Akiona linaanza kukimbia, alielekeze kwenye ukingo wa udongo, asilielekeze bondeni. Mlango wa upande wa mlimani aushikize kwa kamba, ukae wazi, aweze kuruka. Akachukua soseji ikawa usukani, viazi viwili vikawa magurudumu. Ovidio akawa anauliza, anarudia, anakosea, anapigwa kikofi kisogoni, na wote wawili wanacheka. Mama yao akakaa pembeni juu ya ukuta wa daraja, mkono wake uko kwenye goti la Eutimio, kwa sababu goti lilikuwa na joto. Saa yote ikaenda hivyo.

"Mguu wa kushoto usiutoe..." Eutimio akasema, akajilaza polepole, na saa yake ikawa imeisha.

Basilisa akaokota viazi viwili, akavirudisha kwenye kitambaa. Wakamzika mahali pake.

Jioni hiyohiyo, kabla jua halijazama, kengele ikapigwa, kikao cha kijiji kikakaa kwenye mabenchi nje ya kanisa, wa Juu na wa Chini. Felisbela akasimama wa kwanza, akasema Don Aquilino anunue breki.

Don Aquilino hakukataa. Akasema breki zinatoka mjini, mbali, na atazifikiria baada ya mavuno, kama mavuno yatakubali. Akasema pia kwamba yeye si mtu mbaya, na mchana wa leo umemgusa. Kwa hiyo anatoa ahadi mbele ya wote: kuanzia kesho trekta lake halivuki daraja. Litalima Juu tu. Atakayepatwa na jambo atakuwa amepatwa Juu, na saa yake haitapotea.

Watu wakanong'ona. Mzee mmoja akasema hilo ni jambo la busara. Mwingine akasema ni la kibinadamu.

"Na sisi wa Chini tulime kwa nini, kwa meno?" Felisbela akauliza.

"Kwa ng'ombe," Don Aquilino akasema. "Mlikuwa mnalima vizuri tu."

Ikaitwa kura ya kuikubali ahadi hiyo, breki zisubiri mavuno, kila nyumba mkono mmoja. Mikono ikaanza kunyanyuka, kwanza ya watu wa Juu, kisha hata ya wa Chini. Ovidio alikuwa amesimama nyuma, anasokota sigara. Kazi nyingine pale Juu haikuwepo, na wote walilijua hilo. Mama yake akageuka akamtazama: mabega, masikio, nywele zilizohitaji kukatwa.

Halafu Basilisa akautoa mkono wake chini ya shali, akaunyanyua, akaushikilia hapo juu mpaka aliyekuwa anahesabu alipomfikia.