Waya Mmoja wa Mnyuzi

Hadi leo, Grasiana akisikia mtu anasema Mwingereza ndiye aliyetuletea ufundi, husonya. Mwingereza gani? Pale shambani Mnyuzi aliyemfundisha yeye na mwenzake Matayo simu ya upepo ni Ponsiano, aliyetoka vitani Burma na ujuzi huo mikononi, Wazungu wakamrudisha kukata mkonge kama vile hakuwahi kuondoka.

Ah, darasa lile! Halikuwa na ubao. "Shika, fungua, funga tena," ndilo lilikuwa somo. Jumapili walizungusha waya kwenye chupa, wakapapasa kijiwe kinachong'aa, cha kunasia sauti, kwa ncha ya sindano mpaka kiitike. Cheche za kupeleka ujumbe, ndefu na fupi kwa kila herufi, zilitoka kwenye koili na betri ya lori la Shabbir, mwenye duka. Na waya wa kurushia ulikuwa mmoja kati ya nyaya za kuanikia singa, nyuzi za mkonge, mrefu, juu ya nguzo, ambao Jumapili haukuwa na kazi.

Siku moja Shabbir akachoka. "Mwalimu, lori langu linalala kwa michezo yenu. Nitamnong'oneza Matayo neno moja. Huyu binti akilinasa hapa dukani, betri ni yenu kila Jumapili. Asiponasa, basi, kwisha. Na wewe usiguse kitu!"

Matayo akanong'onezwa, akabeba betri na koili, akaenda uwanja wa kuanikia mkonge. Grasiana akabaki nyuma ya duka, mkono wa simu kuukuu sikioni. Kimya.

"Upepo umekwenda sokoni Korogwe?" Shabbir akacheka.

"Tafuta," Ponsiano akamwambia Grasiana.

Akakagua kuanzia chini, kama alivyofundishwa: waya wa ardhini, chupa, kijiwe. Vizima vyote. Basi kosa liko kule. Akatimua mbio, akavuka reli.

Mvua ilikuwa imechelewesha kazi, nyapara akawatoa akina mama kuanika hata Jumapili. Waya wao nao umejaa singa mbichi, maji yanachuruzika nguzoni, na Matayo anagonga tu cheche zake.

"Matayo! Huoni maji haya yanameza cheche zako?"

"Si ndio waya wa singa? Kila siku uko hivi."

Grasiana akamgeukia mama mmoja. "Shikamoo, mama Efrazia. Tuziteremshe kidogo tu."

"Marahaba. Zikigusa tope, mwanangu, nyapara anaifuta kazi yangu ya leo." Efrazia akautazama waya. "Haya, nitwike."

Akabeba singa mabegani. Wenzake wakamfuata, wakasimama wamejitanda mkonge unaotona maji.

"Kimbia basi, zinawasha kama upupu!"

Grasiana aliporudi, sikio likajaa mikwaruzo, mirefu na mifupi. Akaandika herufi moja moja vumbini kwa kidole, kisha akasoma: "Rubab."

Shabbir hakucheka. Lilikuwa jina la marehemu mama yake. Kambini hakuna aliyelijua. Akauchukua mkono wa simu, akasikiliza mwenyewe, Matayo bado anagonga.

"Mmemwita vizuri," akasema.

Betri ikabaki. Na tangu hapo, kila walipotolewa kuanika Jumapili, akina mama waliuruka waya mmoja, ule wa kurushia. Nyapara alipouliza, Efrazia alimjibu bila kugeuka:

"Umelegea huo, bwana. Utaangusha mkonge wa Mzungu."