Mtihani wa Safari ya Tokyo

Mjukuu wangu Bridget alipata likizo ya kazi yake ya unesi, akatangaza kwamba anakwenda Tokyo. Mama yake akasema hendi peke yake. Nikasema nitakwenda naye mimi.

Wakatazamana wote wawili. Nilijua wanachofikiri: dereva wa basi mstaafu, atatafuta ugali mpaka Japani. Hawakujua kwamba tangu baridi ilipoanza nilikuwa nahudhuria darasa la Kijapani la jioni hapa Barking, kwa Waingereza tunakoishi. Elimu yangu yote niliipata usiku, kuanzia Moshi, baada ya kazi. Kuanza somo jipya hakunitishi.

Hamu nilitiwa na Mohinder, Singasinga mzaliwa wa Kisumu mwenye duka la vitambaa karibu na stesheni, ambaye aliwahi kufika huko Japani.

"Elinaja, kule unakula tambi umesimama kama farasi! Kuna mkahawa unapewa ndoana, unavua samaki wako humohumo ndani, ukimpata wanakupigia ngoma. Halafu hotelini unalala kwenye droo, bwana, kama soksi."

"Na kuoga?"

"Uchi, pamoja na watu usiowajua. Mimi nilibaki na kilemba changu tu."

Bridget alinipa sharti. "Jumamosi tukale chakula cha Kijapani mjini, Babu. Usiponiaibisha, nakata tiketi mbili." Aliyasema kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa lugha ya hapa alipozaliwa.

Mkahawa ulikuwa mdogo, viti vimepangwa mbele ya kaunta, mpishi anapika ukimwona. Nilipopewa kitaulo cha moto nilifuta mikono, uso sikuugusa. Nilitamka maneno ya shukrani ya kabla ya kula. Mpishi akainama, nami nikainama. Nikala pweza mdogo, mzima na kichwa chake. Tambi nikazivuta kwa kelele, kama mwalimu alivyotueleza kuwa kule si kukosa adabu.

"Babu!" Bridget alininong'oneza, akitazama huku na huku.

"Muulize mwenye chakula chake."

Mpishi alikuwa anatabasamu. Nikajiona nimeshapanda ndege.

Mwisho akaleta mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, amechomwa na kupakwa mchuzi mtamu, juu ya wali. Nilikula kwa raha. Kilipobaki kipande kinono cha katikati, nikaweka vijiti chini na kulisogeza bakuli pembeni. Sikufikiri, mkono ulijiendea wenyewe.

Mpishi akaacha kisu. Akauliza, kwa upole, kama samaki ana kasoro. Wateja wakageuka. Nikatafuta Kijapani changu, hakuna hata neno. Kiingereza nacho, ambacho nimeongea na abiria maisha yangu yote, kikanikimbia. Nilimwona Bridget akiinamisha kichwa, nikajua safari imeishia hapo.

"Samaki hana kasoro," Bridget alimwambia mpishi. "Kwetu mzee hamalizi kitoweo. Humbakizia mtoto. Hiki ni changu."

Akalivuta bakuli. Nilidhani alishasahau. Mama yake alipokuwa akifanya kazi za usiku, mtoto huyu alikula kwangu, na kila jioni alisimama kando ya kiti changu akisubiri paja la kuku nililomwachia. Nami kwa baba yangu nilisimama hivyohivyo.

Mpishi aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kisu chake. Bridget akakigawa kile kipande kwa vijiti, nusu akairudisha mbele yangu. Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe:

"Babu, mimi sasa mtu mzima. Leo nakubakizia mimi. Kula."

Nikala. Kilikuwa kitamu kuliko vyote vilivyotangulia. Nikajiuliza kama kuna mtu aliyewahi kumbakizia baba yangu.

Bridget alikuwa ameshatoa simu, ukurasa wa tiketi uko wazi.

"Utaweza kulala kwenye droo za Mohinder?"

"Kama soksi," nikamwambia.