Kivuko Kipo

Jumatatu jioni Twalib, mwenyekiti wa mtaa, alimkuta Mzee Romani barazani akipiga randa mbao. Alikaribishwa kiti, hakukaa.

"Shikamoo, mzee. Kesho mpimaji wa serikali anakuja korongoni. Nakuomba uking'oe kile kivuko chako."

"Marahaba. Niking'oe?"

"Siku moja tu. Mwaka juzi walikuja, wakaona mbao zako, wakaandika kivuko kipo. Daraja likaenda mtaa wa pili, kwa watu ambao hawakuwa hata na gogo la kukanyagia."

Romani alipuliza maranda. Alikuwa seremala, mtu wa Masasi, aliyehamia Kibamba wakati mtaa huu ungali pori. Miaka kumi na moja iliyopita alilaza magogo mawili juu ya korongo, akapigilia mbao, na kila baada ya masika alibadilisha zilizooza bila kutumwa na mtu. Alikuwa akijivunia. Leo anaambiwa ubao wake ndio uliozuia daraja la zege.

"Na mke wangu kesho apite wapi?"

Twalib alitazama chini. Mtaa mzima ulijua. Eufrazia alipigwa kiharusi mwaka jana, mguu na mkono wa kushoto vikagoma. Kila Jumanne Romani humkalisha kwenye toroli na kumvusha korongo, bajaji ya kumpeleka kliniki ikiwasubiri ng'ambo. Romani ana miaka sitini na tisa, na toroli ya kila Jumanne huwa nzito kuliko ya Jumanne iliyopita.

"Kwa ajili yake huyohuyo, mzee. Daraja likijengwa, bajaji itamfuata mlangoni."

Twalib alipoondoka, Romani alichukua nyundo akashuka korongoni. Aling'oa misumari miwili ya ubao wa kwanza. Alipoinua macho, muuza dagaa alikuwa amesimama mbele yake, beseni kichwani.

"Babu, ukimaliza niambie nipite. Dagaa wananilemea."

Romani akairudisha misumari yote miwili.

Asubuhi mpimaji alifika na buti za mpira na kishikwambi mkononi. Jina lake Asifiwe, binti wa miaka ishirini na kitu. Alimwamkia Romani, akamwamkia Eufrazia aliyekuwa tayari ndani ya toroli, kisha akavuka na kurudi akihesabu hatua.

"Mmejitahidi, baba. Kimekaa vizuri." Akagusa kioo.

"Unajaza nini hapo?" Eufrazia aliuliza.

"Kinauliza kama kuna kivuko, mama. Ndiyo au hapana. Nisipojibu hakisogei."

Twalib alikohoa. "Sista, kile si kivuko. Ni vibao tu vile."

"Vibao?" Romani alimgeukia. "Mie siikani kazi ya mikono yangu. Jaza ndiyo."

Twalib akashika kiuno, akatazama mbinguni.

"Ngoja kwanza, mwanangu," alisema Eufrazia. "Hicho kidude mpe mwenyekiti akushikie. Wewe nivushe."

Asifiwe alicheka. Alipoona Eufrazia hacheki, akashika mikono ya toroli.

Robo ya njia alikwenda vizuri. Katikati gurudumu liliingia kwenye mwanya wa mbao na toroli ikainamia upande wa korongo. Eufrazia alishika kingo kwa mkono mmoja, ule mzima.

"Mama, nisamehe. Siwezi kwenda mbele wala kurudi."

"Ndo hapo tunapofikaga kila wiki."

Romani alikuja nyuma yake, akaikamata toroli, akaanza kuinyanyua. Asifiwe akapita pembeni taratibu, akaenda kukichukua kishikwambi.

"Baba, subiri hapohapo. Kuna sehemu ya picha."

"Subiri niweke kilemba vizuri," alisema Eufrazia. "Serikali isije ikadhani sina mwenyewe."

Picha ikapigwa: mzee, toroli, gurudumu limezama, kilemba kimekaa sawa.

"Siahidi kitu," alisema Asifiwe walipofika ng'ambo. "Jibu linabaki ndiyo. Ila atakayelifungua ataiona na picha."

Romani alifuta jasho. "Nina mbao nyumbani. Nataka kuziba ile mianya, nikipanue kidogo. Nikifanya hivyo, wakija tena watasema kipo?"

"Watasema, baba."

"Basi niache?"

Asifiwe alitazama katikati ya kivuko. "Hilo halina mahali pa kujaza."

Jumatano asubuhi nyundo ilisikika korongoni. Twalib alishuka mbio, shati halijafungwa vifungo.

"Mzee, si ungesubiri watujibu?"

"Wakijenga kabla ya Jumanne, nitaacha," alisema Romani bila kuinua kichwa.

Twalib akafunga vifungo vyake kimoja kimoja, akainama, akashika ncha ya pili ya ubao.